Kishikio "huru" cha bunduki: mtutu uko huru, lakini nati je?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Sapiwi. Jioni moja mdogo wangu, yuko kidato cha tatu, alinionyesha mchezo wa vita kwenye simu. Akafungua ukurasa wa kubadilisha vipuri, akagusa kishikio cha mbele cha bunduki, akachagua kingine kirefu zaidi. Namba ya shabaha ikapanda papo hapo. "Kaka, kumbe ni hiki tu kinafanya risasi ziende pale pale?"

Nikamwambia ndiyo na hapana. Akanicheka, akasema watu wa chuo hatujui kujibu swali. Basi hili ndilo jibu lake refu. Sifundishi mtu kuunda silaha. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na bunduki haichezewi uani. Nimeichukua kwa sababu ni mfano mzuri wa kosa tunalolifanya kwenye mashine nyingi: tunasifia kipande, tunasahau kiungo.

Wazo lenyewe ni zuri

Chukua rula, ibane ukingoni mwa dawati, iguse kwa kidole iachie. Inatetemeka na kutoa mlio. Sasa weka kidole kingine juu yake kidogo tu, mlio unabadilika. Mtutu wa bunduki ni rula hiyo hiyo, ila ni wa chuma. Risasi inapopita ndani, mtutu unatetemeka. Ukitetemeka kwa namna ile ile kila mara, risasi zinaangukia karibu karibu. Kitu kikiugusa, leo kwa nguvu hii na kesho kwa nguvu nyingine, risasi zinatawanyika.

Bunduki nyingi za kijeshi zina kishikio kinachoshikamana na mtutu. Familia ya Kalashnikov, iliyoenea sana Afrika Mashariki, iko hivyo: kishikio cha chini kinabanwa na kipande kilichofungwa kwenye mtutu wenyewe. Askari akiegemeza kishikio kwenye jiwe, uzito unaenda moja kwa moja kwenye mtutu.

Kishikio huru kinakata njia hiyo. Kinafungwa nyuma tu, pale mtutu unapoingia kwenye mwili wa bunduki, halafu kinasonga mbele bila kuugusa mtutu popote. Egemeza, kaza mkanda, shika kwa nguvu: mtutu hausikii.

Wazee walilitatua tatizo hili kwa njia nyingine. Lee-Enfield, bunduki waliyobeba askari wengi wa King's African Rifles, ilikuwa na mbao mpaka karibu na mdomo wa mtutu. Toleo lake la vita ya kwanza lilikuwa na kijiti chenye springi karibu na mdomo, kikiusukuma mtutu juu kwa nguvu ileile siku zote. Yaani walisema: kama lazima uguswe, basi uguswe sawasawa kila wakati. Shida ni kwamba mbao hunywa maji. Masika zinavimba, kiangazi zinasinyaa, na mguso unabadilika. Ndiyo maana wenye bunduki za kuwindia zenye kitako cha mbao hupitisha karatasi kati ya mbao na mtutu. Ikikwama mahali, mbao imegusa.

Kwa hiyo sina ugomvi na wazo. Ugomvi wangu ni na jinsi linavyouzwa.

Kila kitu kinaning'inia kwenye kiungo kimoja

Kishikio cha zamani kilikuwa na egemeo mbili, nyuma na mbele. Kishikio huru kina moja. Kwa lugha ya darasani, ni boriti iliyobanwa upande mmoja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi anajua kanuni yake: uzito ule ule ukiwa kwenye ncha, boriti ikirefuka mara mbili, ncha inapinda mara nane. Kutoka sentimita 20 kwenda 40, ni mara nane. Mchezo wa simu ulimpa mdogo wangu zawadi kwa kuchagua kirefu. Fizikia inamtoza.

Lakini kupinda ni nusu ya hadithi, maana chuma kikipinda kidogo kinarudi. Kinachonisumbua ni kiungo chenyewe kulegea. Tufanye hesabu. Chukua kishikio cha milimita 300. Tuseme kiungo kimelegea na ncha imeshuka nusu milimita tu, kitu ambacho jicho halioni. Pembe yake ni 0.5 kugawanya kwa 300, yaani 1 kwa 600. Kama umefunga kifaa cha kulengea kwenye ncha hiyo, mita 100 mbele alama yako imehama karibu sentimita 17. Mtutu uko huru kabisa, haujaguswa na kitu, na bado unakosa.

Halafu kuna joto. Vishikio vingi hivi ni vya alumini, na mara nyingi vinabana nati ya chuma. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa duara la milimita 35, joto likipanda nyuzi 60, pete ya alumini inatanuka kuliko nati kwa takriban milimita 0.02. Ni kidogo kuliko unywele, lakini kinachoshikilia pale ni msuguano, na msuguano unategemea mbano. Mbano ukipungua kila inapochemka, kishikio kinaanza kuzunguka au kuteleza mbele polepole.

Kukaza si kukaza tu

Nyumbani kwetu mtu anakaza nati mpaka ikatae, halafu anaongeza kidogo kwa usalama. Tatizo ni kwamba katika nguvu unayoweka kwenye spana, takriban asilimia 90 inaliwa na msuguano: ule wa chini ya kichwa cha nati na ule wa kwenye nyuzi. Asilimia kama 10 tu ndiyo inabana kweli. Paka grisi, na kwa nguvu ile ile ya mkono mbano unapanda. Acha vumbi na kutu, mbano unashuka. Mkono hauwezi kujua tofauti hiyo.

Mfano halisi ni nati ya mtutu ya M16 ya Marekani. Kiwango chake ni kati ya 41 na 108 Nm, sawa na kuning'iniza kilo 4 hadi 11 mwishoni mwa spana ya urefu wa mita 1. Upana huo una sababu. Nati ina meno, na bomba la gesi lazima lipite katikati ya meno mawili bila kuguswa. Fundi anafika kiwango cha chini, kisha anaendelea kukaza mpaka nafasi inayofuata ilingane na tundu. Akichoka akairudisha nyuma ili ilingane haraka, mbano umepotea. Akilazimisha bomba lipite likiwa limepinda, ameondoa mguso kwenye kishikio akauweka kwenye bomba. Na pia mwili wa bunduki ile ni alumini: akiubana vibaya kwenye jiliwa, kile kipini kidogo kinachoweka mtutu mahali pake kinaumiza tundu lake.

Ona sasa: kipuri ambacho kwenye simu kinafungwa kwa mguso mmoja, kwa kweli kinahitaji jiliwa, kishikizo cha umbo sahihi, spana yenye kipimo, grisi na subira. Matangazo hupenda kutaja gramu na urefu. Swali la maana zaidi ni hili: baada ya kuchemka na kupoa mara nyingi, na baada ya kuangushwa, ncha inarudi pale pale ilipokuwa?

Ujerumani walijifunza kwa gharama

Jeshi la Ujerumani lilianza kutumia G36 katika miaka ya 1990. Mtutu wake ni huru, haugusi kishikio. Ila mwili wa bunduki ni wa plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi. Baadaye zikaja taarifa kwamba ikipata joto, shabaha inaharibika. Mwaka 2015 Waziri wa Ulinzi Ursula von der Leyen akatangaza kuwa bunduki hiyo, kwa muundo wake ule, haina mustakabali jeshini. Septemba 2016 mahakama ya Koblenz ikaipa ushindi kampuni ya Heckler & Koch: bunduki zilizopelekwa zilikuwa sawa na mkataba.

Wengine huisoma kesi hii kama ya kiwanda kilichosafishwa. Mimi naisoma hivi: uhuru wa mtutu hautoshi kama kilichoushika si imara, na kitu kinaweza kupita mkataba bado kikamwangusha mtumiaji, kwa sababu aliyeandika mkataba hakuuliza swali la joto.

Hukumu yangu

Kwa mlenga shabaha wa mashindano anayepiga polepole, na aliye na fundi mwenye vifaa, kishikio huru ni uboreshaji wa kweli. Muundo ninaoweza kuutetea una nati ndefu ya chuma yenye eneo pana la kukaa, skrubu zinazopita kwenye mifereji ya nati ili kishikio kisiteleze mbele, na meno yanayokizuia kisizunguke. Muundo unaotegemea skrubu mbili ndogo kubana pete ya alumini, nauita mapambo.

Lakini mfikirie askari wa wanyamapori anayetembea Pori la Akiba Maswa, hapa hapa Simiyu, kwenye vumbi na matope, kituo cha ufundi kikiwa mbali. Kwake, sentimita chache za shabaha hazilingani na hatari ya kiungo anachoshindwa kukikagua. Kishikio cha kizamani cha mbao kinachogusa mtutu kinaharibu shabaha kidogo, ila kinaiharibu mbele ya macho yake. Kiungo kilicholegea ndani kinamdanganya kimya kimya, na tembo au jangili hasubiri.

Mjomba wangu hajasoma uhandisi, lakini akifunga jembe jipya kwenye plau, analima mistari miwili ya shamba la pamba, anasimamisha ng'ombe, anakaza bolti tena. Anajua rangi na uchafu vilivyokuwa chini ya nati vimeshasagika na mbano umepungua. Ukienda stendi ya Bariadi, angalia magurudumu ya mabasi na malori: baadhi yana vimshale vya plastiki kwenye nati, vikiangaliana. Kimoja kikigeuka, dereva anajua nati imezunguka, bila spana. Fundi makini wa bunduki hufanya hivyo hivyo kwa mstari wa rangi unaovuka nati na mwili.

Kwa hiyo mdogo wangu, ndiyo, kishikio kinaweza kusaidia. Ila mchezo wako ungekuwa wa haki, ungekuuliza kwanza umekikaza kwa kiasi gani, na lini mara ya mwisho ulirudi kukiangalia.