Jina Limegeuzwa, Kitenzi Kimesalia: Kiswahili na Mtu Mzima Mwenye Ualbino

Kwa miaka mingi mjadala wa Kiswahili juu ya watu wenye ualbino umekuwa mjadala wa jina. Neno "zeruzeru" liliachwa kwa kuwa lilionekana kuwa na dharau. Likashika mahali pake neno "albino". Baadaye likafuata "mlemavu wa ngozi". Na siku hizi katika maandishi ya serikali na ya vyama husemwa "mtu mwenye ualbino". Kazi hiyo ilistahili kufanywa, na walioifanya wastahili kushukuriwa. Walakini jina ni nusu tu ya sentensi. Nusu ya pili ni kitenzi, na hicho hakijatazamwa kama ipasavyo. Hoja ya makala haya ni kwamba mtu mwenye ualbino amepewa jina jipya lakini ameachiwa vitenzi vya zamani, na kwamba atakayeumia zaidi kwa upungufu huo ni mtu mzima, ambaye maisha yake ni ya kutenda na si ya kutendewa tu.

Yafaa kwanza hali yenyewe ielezwe, maana maneno hayapimiki pasipo kukijua kinachotajwa. Ualbino ni hali ya kurithi. Mwili hautengenezi, au hutengeneza kwa uchache, ile rangi iitwayo melanini ambayo hukoleza ngozi, nywele na macho. Aina iliyo nyingi zaidi katika Afrika kusini mwa Sahara hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo OCA2, iliyo katika kromosomu ya 15. Mtoto huzaliwa na hali hiyo apatapo jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wenyewe waweza kuwa weusi kama jirani zao, wala wasijue kwamba wanaichukua. Na wanapokuwa wote wawili wanaichukua, katika kila uzazi pana nafasi 1 katika 4 ya kumpata mtoto mwenye ualbino. Hivyo mama asingiziwaye kwamba amezini na mtu mweupe husingiziwa bure, kwa kuwa mtoto huyo amerithi kwa baba sawasawa na alivyorithi kwa mama.

Ulaya na Marekani hali hii ni ya nadra, nayo hukadiriwa kuwa ni mtu 1 katika watu 17,000 hadi 20,000. Tanzania walio nayo ni wengi zaidi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 16,477. Mambo mawili huwafuata maisha yao yote. La kwanza ni ngozi isiyo na kinga ya jua, ambayo huungua, hufanya vidonda, na mwisho hupata kansa isipotunzwa. La pili ni macho. Mwanga huyaumiza, mara nyingi hutikisika, na vitu vya mbali huviona kwa taabu. Miwani husaidia, lakini aghalabu haiyafikishi macho hayo kwenye uoni wa watu wengine, kwa kuwa upungufu umo hata nyuma ya jicho, mahali ambapo kioo cha miwani hakifiki.

Kwa kipimo hicho majina yote manne yaweza kupimwa. "Zeruzeru" ni jina ambalo kwa umbo huchukua wingi wa "ma-", na kwa upatanisho hufuata watu: zeruzeru huyu, mazeruzeru hawa. Baadhi ya waandishi wa nje wamedai kwamba maana yake ni mzuka. Dai hilo halithibitiki katika matumizi ya neno lenyewe, ambalo humtaja mtu wa hali hii na si kingine; mzuka umo katika yale yanayosemwa baada ya neno. Kosa lake ni lingine, nalo ni la sarufi kuliko la tafsiri: humfanya mtu na hali yake kuwa kitu kimoja, kama yalivyofanya maneno "kipofu" na "kiziwi" katika ngeli ya ki-vi. "Albino" halikuliondoa kosa hilo. Ni neno la Kireno lenye asili ya Kilatini, maana yake ni weupe, na lilipoingia katika Kiswahili lilikaa pale pale alipokuwa zeruzeru, likiwa limevaa nguo mpya.

"Mlemavu wa ngozi" lina nia njema, lakini halisemi kweli yote. Mwenye ualbino hana taabu ya ngozi peke yake. Mwalimu aliyefundishwa kusema "mlemavu wa ngozi" atamtafutia mwanafunzi kofia na shati la mikono mirefu, kisha atamkalisha nyuma ya darasa ambako ubao hauonekani. Na mwajiri atamhurumia mtumishi juani, huku akimpa orodha zilizoandikwa kwa herufi ndogo na kumlaumu kwa uvivu wa kusoma. Jina lililokusudiwa kulinda limeyaficha macho.

Lililo bora katika majina hayo ni "mwenye ualbino", na ubora wake hautokani na adabu tu. Kiambishi "u-" hutaja hali, na hali nyingi zaweza kukaa pamoja katika mtu mmoja bila ya kugombana. Mtu aweza kuwa na ualbino, na ualimu, na ubaba, na uzee ukifika. Zeruzeru hakuwa na nafasi hiyo. Neno lilikuwa limemjaza lote. Ndiyo maana chama kilichoanzishwa Tanzania mwaka 1978 kwa jina la albino hakikukosea kujirekebisha kikachukua jina la ualbino.

Lakini atazamaye habari na hotuba zilizoandikwa juu ya watu hawa tangu miaka ya 2006 na 2007, mauaji yalipoanza kutangazwa kwa wingi kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa, ataona kwamba jina jipya limewekwa mbele ya mlolongo wa vitenzi vyenye mwisho wa "-wa". Watu wenye ualbino huuawa, hukatwa viungo, hufichwa, hulindwa, hupewa, husaidiwa, huhurumiwa. Watoto waliopelekwa kwa ajili ya usalama katika shule kama Buhangija na Mitindo walihifadhiwa. Kila kimoja katika vitenzi hivyo kina ukweli wake, na hapana mtu mwenye haki atakayetaka kuficha kwamba waliouawa waliuawa. Kasoro ni kwamba vitenzi hivyo vimekuwa karibu lugha yote iliyopo. Mtoto aliyehifadhiwa hukua. Na akiisha kuwa na miaka 30 au 40, lugha iliyomhifadhi haina la kusema juu yake.

Tena kauli ya kutendwa ina tabia yake katika Kiswahili. Huweza kumtaja mtenda kwa neno "na", au kumwacha. Katika habari za mauaji hayo mtenda mara nyingi ameachwa, au ametajwa kwa fungu lililozoeleka mno: "na watu wasiojulikana". Fungu hilo laweza kuwa kweli siku ya kwanza, kabla upelelezi haujafanywa. Likibaki baada ya hapo huwa uongo, kwa sababu katika mashauri kadhaa walioshtakiwa wamekuwa majirani na hata jamaa wa nyumbani. Mwezi wa Septemba mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua mtoto mwenye ualbino. Watu hao walikuwa na majina, na sheria iliwataja. Sentensi isiyo na mtenda humsitiri muuaji, na humwachia msomaji picha ya msiba ulioshuka kama mvua ya mawe.

Yaweza kudhaniwa kwamba dawa ni kuacha "-wa" na kutumia kauli ya kutenda. Dawa hiyo haitoshi. Kitenzi kibaya kuliko vyote katika habari hii ni cha kutenda: ni "kutoweka". Imani iliyoenea mahali pengi husema kwamba zeruzeru hafi, bali hutoweka. Hapo mwenye ualbino ni mtenda kamili wa kitenzi chake, na bado kitenzi kimemwonea. Walio wengi hawakutoweka. Walikufa kwa kansa ya ngozi katika umri wa kufanya kazi, baada ya miaka ya kulima na kuuza sokoni bila ya kofia wala dawa ya ngozi. "Kutoweka" kiliwaondolea walio hai wajibu wa kuuliza sababu. Kifo kina sababu, na sababu yaweza kuzuiwa. Ndiyo maana mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa Moshi yana thamani. Aliyetoweka hahitaji mafuta. Katika jamii moja na imani hiyo ni neno la mitaani "dili", ambalo watu wenye ualbino wamekuwa wakiitwa wapitapo njiani: huyo hafi wala hatendi, huuzwa.

Upungufu huu umeingia hata katika fasihi inayosomwa madarasani. Riwaya ya Ben Hanson iitwayo "Takadini" si ya Kiswahili. Imeandikwa kwa Kiingereza, na mambo yake ni ya Washona wa Zimbabwe ya kale. Lakini imesomwa na wanafunzi wengi wa shule za sekondari za Tanzania, na kwa wengi wao ndicho kitabu cha kwanza kilichomweka mwenye ualbino katikati ya hadithi. Jina lenyewe ni sentensi. Kwa Kishona maana yake ni swali, tumefanya nini? Mtoto ameitwa kwa kitenzi cha watu wengine, na katika sehemu ya kwanza hana kitenzi chake: anazaliwa, anakataliwa, anabebwa na mama yake Sekai akitoroka naye, anapokewa ugenini. Sifa ya riwaya ni kwamba haikomi hapo. Mzee Chivero anamfundisha mbira, na kijana akisha kuipiga sentensi zinageuka. Anapiga, anapenda, anapendwa na Shingai kwa hiari yake msichana huyo. Mtu mzima amepatikana.

Hata hivyo mwisho wa hadithi wadai lawama. Takadini na Shingai wanapata mtoto mwenye ngozi kama ya watu wengine, na furaha ya mwisho imejengwa juu ya rangi hiyo. Kwa elimu ya urithi jambo hilo ni la kawaida kabisa: mwenye ualbino akizaa na mtu asiyeichukua jeni ile, watoto wao hawawi na ualbino, bali huichukua kwa siri. Lakini ngozi nyeusi ya mtoto si cheti cha utu wa baba. Lau mtoto angezaliwa na ualbino, je, Takadini angalikuwa amepungua? Msomaji wa darasani aachwa na jibu lisilo sahihi, na ni kazi ya mwalimu kulisahihisha.

Maisha yenyewe yamekwisha kutoa vitenzi ambavyo vitabu havijavitumia. Mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge Tanzania. Mwaka 2010 Salum Khalfani Bar'wani alichaguliwa mbunge wa Lindi Mjini. Mwaka 2011 Mumbi Ngugi alifanywa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya, na baadaye akapanda Mahakama ya Rufani. Abdallah Possi, mwanasheria na mhadhiri, alikuwa naibu waziri mwaka 2015, kisha balozi nchini Ujerumani. Mwanasarufi atatambua kwamba "aliteuliwa", "alichaguliwa" na "alifanywa" navyo ni vya kutendwa. Ni kweli, na jambo hilo laonyesha mahali kosa lilipo. Aliyechaguliwa alichaguliwa na wananchi wa Lindi, nao wanajulikana. Na baada ya kuchaguliwa alisema, alihoji, alipiga kura. Mwisho wa "-wa" haumshushi mtu iwapo mtenda ametajwa na iwapo kitenzi cha kutenda kinafuata. Humshusha panapokuwa hapana kingine maisha yote.

Wala isisemwe kwamba wabunge na majaji ni wachache na hawawezi kuwa kipimo. Walio wengi nao hutenda: hulima asubuhi kabla ya jua kukaza, hushona, hufundisha, huoa na kuolewa, hulipa karo za watoto, husogeza gazeti karibu na jicho na kulisoma. Vitenzi hivi si vigeni kwa Kiswahili, na hapana kamati inayohitajiwa ili kuvibuni.

Watunzi wa kamusi wana nafasi ya kuanza. Chini ya neno "ualbino" huwekwa maana, na baada ya maana huweza kuwekwa mfano wa matumizi. Mfano huo husomwa na mwanafunzi kabla hajakutana na mtu mwenyewe. Ukiwa ni sentensi ya kuuawa au ya kusaidiwa, utamfundisha kwamba hayo ndiyo yawapatayo watu hao, basi. Ukiwa ni sentensi ya fundi mwenye ualbino anayepima kitambaa, akikiinamia ili aone alama za chaki, utamfundisha ngozi, macho na kazi kwa pamoja. Mfasiri wa taarifa na mwandishi wa habari waweza kujiuliza maswali mawili kabla ya kuiachilia sentensi: aliyetenda ametajwa? Na huyu mwenye ualbino, katika habari nzima, amefanya nini?