Methali, Nadharia Tete na Mwanafunzi Anayeanza Saikolojia: Tathmini ya Kitabu cha Keith E. Stanovich

Ikisiri

Makala hii inatathmini mbinu ya kufundisha fikra za kisayansi kwa wanafunzi wanaoanza saikolojia kama inavyojitokeza katika kitabu cha Keith E. Stanovich, How to Think Straight About Psychology, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1986. Makala inaikubali hoja kuu ya kitabu hicho, kwamba kauli ya kisayansi ni ile inayotaja mapema tokeo litakaloikanusha. Hata hivyo, inapinga namna kinavyozitazama methali, na inaonesha kuwa baadhi ya mifano yake hupoteza nguvu inapohamishiwa darasa la Afrika Mashariki bila kubadilishwa. Makala inapendekeza viambishi hu-, -ka-, -ta- na -nge- vya Kiswahili vitumiwe kufundishia tofauti kati ya maelezo ya baada ya tukio na utabiri unaopimika.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kemia huingia darasani akitambua kwamba hajui. Anayeanza saikolojia huingia akiwa na maelezo tayari kuhusu hasira, wivu, malezi, kumbukumbu na ndoto. Maelezo hayo ameyapata kwa wazazi, kwa viongozi wa dini, katika methali na redioni. Kwa hiyo, kazi ya kwanza ya mwalimu wake si kumwongezea maarifa bali kumwonesha jinsi ya kuyapima yale aliyo nayo.

Kazi hiyo ina ugumu wa ziada katika ukanda huu. Nchini Tanzania, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu mwaka 1967, lakini elimu ya sekondari na ya chuo kikuu hutolewa kwa Kiingereza. Kenya na Uganda hutumia Kiingereza vyuoni, ilhali Burundi hutumia zaidi Kifaransa. Imani anazopaswa kuzipima mwanafunzi zimo katika lugha moja, na vipimo anavyofundishwa vimo katika lugha nyingine. Hatari iliyopo ni kwamba ataeleza vizuri maana ya kundi linganishi katika karatasi ya mtihani, kisha arudi nyumbani na kuamua mambo ya afya, malezi na fedha kana kwamba hajawahi kulisikia. Swali la makala hii ni kwa kiasi gani kitabu cha Stanovich kinamsaidia mwanafunzi wa namna hiyo.

2.0 Hoja ya Stanovich na uzito wake

Stanovich, mwanasaikolojia aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, anaitetea saikolojia kuwa sayansi kwa kuzingatia sifa tatu. Sayansi huchunguza uhalisia kwa utaratibu. Huyaweka maarifa yake hadharani ili wengine wayarudie na kuyahakiki. Na hushughulikia maswali yanayoweza kujibiwa kwa ushahidi. Kutokana na sifa hizo anaingia katika dhana ambayo ndiyo uti wa mgongo wa kitabu: kauli ya kisayansi lazima iwe inakanushika.

Mfano wake mashuhuri ni wa Benjamin Rush. Mwaka 1793 mlipuko wa homa ya manjano uliukumba mji wa Philadelphia nchini Marekani na kuua takribani watu 5,000. Rush, daktari mwenye sifa na mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru wa Marekani, aliwatibu wagonjwa kwa kuwatoa damu nyingi. Mgonjwa alipopona, ilihesabiwa kuwa tiba imefaulu. Alipofariki, ilielezwa kuwa ugonjwa ulikuwa umekwisha kumzidi. Hapakuwa na tokeo lolote ambalo lingeweza kuionesha tiba hiyo kuwa haifai.

Uzuri wa mfano huu ni kwamba haumdhihaki mtu asiyesoma. Aliyekosea ni msomi, mzalendo na mtu aliyehatarisha maisha yake kwa ajili ya wagonjwa. Mwalimu wa Afrika Mashariki anaweza kuuweka sambamba na mganga anayesema kuwa dawa haikufanya kazi kwa sababu mteja alivunja masharti. Haimpasi aishie hapo, kwani mwanafunzi ataondoka akidhani kuwa kosa hilo ni la waganga tu. Mwalimu anayesema kuwa wanafunzi waliofaulu wamefundishwa vyema na waliofeli ni wazembe ametumia mantiki ileile ya Rush. Mfano unaomgusa anayefundisha una nguvu kuliko unaowagusa wasiokuwapo.

3.0 Methali si nadharia zilizoshindwa

Udhaifu wa kwanza wa kitabu unajitokeza kinapojadili hekima ya kawaida. Stanovich anaonesha kuwa methali hupingana, na kwamba kwa sababu hiyo jamii huwa na methali ya kueleza kila tokeo. Hoja hii inathibitika kwa urahisi katika Kiswahili. Mtoto akifuata mwenendo mwema wa walezi wake, husemwa: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akipotoka licha ya malezi mema, husemwa: mtoto wa nyoka ni nyoka. Vivyo hivyo, haraka haraka haina baraka, lakini chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Hata hivyo, kuzihesabu methali hizi kuwa nadharia za kisaikolojia zilizoshindwa ni kuisahau kazi yake. Mzee anayemwambia kijana kuwa haraka haina baraka hatangazi kanuni ya jumla kuhusu mwendo na mafanikio. Anamwonya kijana huyo, kuhusu jambo hilo, siku hiyo. Kesho anaweza kumhimiza mwingine kwa methali iliyo kinyume bila kujipinga, kama daktari anavyomshauri mgonjwa mmoja apumzike na mwingine afanye mazoezi. Methali ni tendo la usemi linalotegemea muktadha, na umahiri wa mtumiaji wake umo katika kuchagua.

Kosa, basi, haliko katika kuwapo kwa methali mbili zinazopingana. Liko katika kuichagua mojawapo baada ya tokeo kujulikana, kisha kudai kuwa tokeo hilo limeelezwa. Tofauti hii ina athari kwa ufundishaji. Mwanafunzi anayeambiwa kuwa hekima ya wazee wake ni mkanganyiko mtupu ama ataidharau jamii yake ama atamdharau mwalimu. Anayeoneshwa kuwa onyo na utabiri ni matendo mawili tofauti hatalazimika kukana chochote.

Methali mbili za malezi zinafaa kuwa zoezi la kwanza la muhula. Wanafunzi watakiwe kuzigeuza ziwe utabiri kabla ya kuoneshwa matokeo yoyote. Kwa mfano: watoto walioasiliwa wakiwa wachanga watafanana zaidi na wazazi waliowalea kuliko waliowazaa katika alama za jaribio la msamiati. Kisha watakiwe kutaja tokeo ambalo likionekana wataiacha kauli yao. Hapo watatambua wenyewe kwa nini wanasaikolojia wamewatumia mapacha na watoto wa kuasili kutenganisha athari za urithi na za malezi, na kwa nini jibu hutofautiana kutoka sifa moja hadi nyingine.

4.0 Viambishi kama nyenzo ya kufikiri

Zoezi hilo linadhihirisha jambo ambalo mwandishi anayemlenga msomaji wa Kiingereza asingeweza kutarajiwa kuliona. Sarufi ya Kiswahili inaziweka wazi hatua za hoja ya kisayansi. Methali nyingi hujengwa kwa kiambishi hu- cha mazoea, au kwa kauli zisizo na njeo kabisa. Kauli ya namna hiyo haina tarehe, haina idadi, na haivunjwi na tukio moja linalokwenda kinyume. Kuigeuza iwe na -ta- ni kuifunga kwa wakati na kwa watu mahususi. Hapo ndipo inapoanza kukanushika.

Jozi ya pili ina umuhimu mkubwa zaidi. Katika sentensi alikunywa dawa akapona, kiambishi -ka- kinaonesha mfuatano wa matendo tu. Msikilizaji, hata hivyo, huelekea kusikia kisababishi. Ushuhuda wa tiba, wa biashara na wa ibada hujengwa kwa -ka- hiyo. Dawa ya kosa hili imo katika lugha ileile: asingekunywa dawa, je, asingepona? Kiambishi -nge- kinadai kitu ambacho -ka- haikukihitaji, yaani hali ya kulinganishia. Kundi linganishi, ambalo wanafunzi wengi hulikariri kama kanuni ya mbinu za utafiti, si kingine ila jibu la swali lenye -nge-.

Kisa cha farasi Hans, ambacho Stanovich anakitumia vizuri, kinaweza kufundishwa kwa njia hiyo. Farasi huyo wa Wilhelm von Osten mjini Berlin alionekana kujibu maswali ya hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1904 kamati iliyomchunguza haikugundua hila yoyote. Oskar Pfungst, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1907, aliuliza maswali ya -nge-: muulizaji asingejua jibu, je, farasi angelijua? Farasi asingemwona muulizaji, je, angejibu? Katika hali zote mbili farasi alishindwa mara nyingi. Ilibainika kuwa alifuata miondoko midogo ya mwili ambayo waulizaji hawakujua kuwa wanaifanya.

Isidhaniwe kuwa kosa la kuchanganya mfuatano na kisababishi linatokana na Kiswahili. Rush alilifanya kwa Kiingereza. Kinachodaiwa hapa ni kwamba Kiswahili kinampa mwalimu alama inayoonekana na kusikika ya kuonesha mahali hoja ilipopotokea.

5.0 Mifano na istilahi

Si mifano yote ya Stanovich inayosafiri salama. Ili kutofautisha uhusiano na kisababishi, anataja utafiti wa Taiwan ambapo idadi ya vifaa vya umeme nyumbani iliambatana na matumizi ya uzazi wa mpango. Kichekesho chake ni kwamba hakuna anayeweza kupendekeza wananchi wagawiwe vibaniko vya mkate ili wapange uzazi. Kwa msomaji ambaye hajaishi na kibaniko, kichekesho hakichekeshi, na somo hupotea pamoja nacho. Swali la masomo ya ziada lina faida kubwa zaidi: ikiwa wanafunzi wanaohudhuria tuisheni wanafaulu kuliko wenzao, je, tuisheni ndiyo inayowafaulisha, au ni kipato na elimu ya wazazi wanaoweza kuilipia? Kila mwanafunzi wa Nairobi au Mwanza ana maoni kuhusu jambo hilo, na ndiyo maana linafaa.

Istilahi nazo zinahitaji uangalifu. Neno jaribio hutumika kwa maana ya kujaribu, ya mtihani mfupi wa darasani na ya uchunguzi wa kimaabara. Mwanafunzi aliyezoea maana ya pili hudhani kuwa kila jaribio lina jibu sahihi analolijua mwalimu. Kitenzi thibitisha kinabeba maana ya kuhakikisha kabisa, hivyo sentensi utafiti ulithibitisha nadharia humfundisha mwanafunzi kuwa mjadala umefungwa. Kusema kuwa matokeo yaliiunga mkono nadharia ni sahihi zaidi. Kwa upande mwingine, istilahi nadharia tete ni hazina. Kivumishi tete kinadokeza kitu kichanga na kinachoweza kuvunjika, yaani sifa ileile ambayo Stanovich anatumia sura nzima kuifafanua.

6.0 Saikolojia kujipima yenyewe

Kitabu kimeandikwa kwa shabaha ya utetezi, na utetezi una hatari ya kumfanya mwanafunzi awe mwanachama badala ya mpimaji. Mwalimu wa leo anapaswa kukisomesha pamoja na mambo mawili. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya mradi uliorudia tafiti 100 za kisaikolojia: takribani asilimia 36 tu ya marudio yalitoa matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu, ikilinganishwa na asilimia 97 ya tafiti za awali. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walihoji uhalali wa kueleza binadamu wote kwa kutegemea sampuli za jamii chache za Magharibi. Hapa -nge- inarudi kwa saikolojia yenyewe: utafiti huu ungefanyika Kigoma au Gitega, je, matokeo yangekuwa hayohayo? Mwanafunzi anayeuliza hivyo haikatai sayansi, anaifanya.

7.0 Hitimisho

Kitabu cha Stanovich kinastahili nafasi katika mwaka wa kwanza wa saikolojia, kwa kuwa kinaweka mbele swali sahihi: ni tokeo gani litakalokufanya ubadili kauli yako? Hakistahili kuhamishwa kama kilivyo. Makala inapendekeza mambo matatu. Kwanza, methali zichukuliwe kama malighafi ya nadharia tete, si kama ushahidi wa ujinga. Pili, hata pale ambapo mtihani unaandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, mazoezi ya kugeuza hu- kuwa -ta- na -ka- kuwa -nge- yafanywe kwa Kiswahili, kwa kuwa humo ndimo mwanafunzi anamoamini na kuamua. Tatu, walimu wa saikolojia na wataalamu wa Kiswahili washirikiane kusawazisha istilahi za jaribio, uthibitisho na kisababishi. Mapendekezo haya nayo ni nadharia tete. Madarasa mawili yanaweza kufundishwa, moja kwa njia hii na jingine kwa njia ya kawaida, kisha yakapimwa kwa maswali mapya ya maisha ya kila siku. Yasipotofautiana, pendekezo la pili litapaswa kuachwa.