Mtuhumiwa Mkononi mwa Amiri
Wanaohalalisha kuteswa watuhumiwa kwa jina la usalama hupenda kumtaja al-Mawardi (aliyefariki 450 H). Ni kweli, katika al-Ahkam as-Sultaniyya alimruhusu amiri kumfunga na hata kumpiga mtuhumiwa mwenye dalili nzito, mamlaka asiyokuwa nayo kadhi. Lakini mbona hawaendelei kusoma? Yeye mwenyewe asema aliyepigwa ili akiri, kukiri kwake hakuna hukumu. Na kabla yake Abu Yusuf, katika Kitab al-Kharaj alichomwandikia Khalifa Harun ar-Rashid, alikataza mtu kutiwa jela kwa kutuhumiwa tu na mwenziwe. Kwa maoni yetu, kosa la al-Mawardi ni kumwacha amiri mbali na jicho la kadhi. Jicho hilo ndilo lililofanya kazi Kenya, Februari 2015, Mahakama Kuu ilipobatilisha vifungu 8 vya sheria ya usalama ya 2014. Wallahu aalam.