Ringi na Tairi za Land Rover 109

Oktoba 2024 mamia ya magari ya Land Rover, mapya kwa makongwe, yalikusanyika Arusha na kupita mjini kwa msafara. Mtazamaji wa kawaida huanza na rangi na boneti. Fundi huinama. Magurudumu ndiyo yanayomweleza kama mwenye gari analijua gari lake, na kuchagua magurudumu ya pikapu kongwe ni ufundi unaostahili sifa zaidi kuliko unazopewa.

Chukua pikapu ya 109, iliyouzwa kama Series II kuanzia 1958 na kuendelea kama Series III hadi 1985. Hiyo 109 ni idadi ya inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Tairi lake la asili ni 7.50-16: upana wa inchi saba na nusu, juu ya ringi ya inchi 16. Ni refu, ni jembamba, na wengi wakiliona hutamani kuweka pana mahali pake. Fundi mzuri huwauliza kwanza kuhusu usukani. Gari hili halina pawa, hivyo upana wowote unaoongezwa chini hulipwa na mabega ya dereva anapogeuza gari polepole kwenye uwanja wa soko. Ringi inayotokeza nje nayo huzielemea beringi za habu, na tairi huanza kusugua madigadi pale usukani unapokatwa hadi mwisho. Wembamba ule haukuwa ubahili wa kiwanda. Uliendana na gari zima.

Kisha kuna kupima. Habu ya Land Rover hii ina bolti tano kwenye duara la milimita 165.1, na kwa kuwa tano haigawanyiki kwa mbili, hakuna bolti inayotazamana na mwenzake. Anayejua kazi hupima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya jirani yake. Akipata milimita 97, duara ni lenyewe. Land Cruiser za mfululizo wa 40 zina bolti sita kwenye duara la milimita 139.7, sawasawa na Chevrolet 3100 ya Marekani ya baada ya vita; pikapu mbili za pande mbili za dunia zikakutana kwenye kipimo kimoja! Hata hivyo kulingana kwa bolti hakutoshi. Tundu la katikati ya ringi lazima likae vizuri kwenye habu, na mteremko wa nati ulingane na ule wa tundu lake, la sivyo nati hulegea safarini.

Upande wa mpira, hesabu ni tamu. Matairi ya zamani yalijengwa kwa nyuzi zilizopishana. Michelin walisajili hataza ya tairi la rediali mwaka 1946, na leo mwenye 109 anaweza kuchagua 7.50R16, ambapo herufi R ndiyo inayotambulisha rediali, au 235/85R16. Hilo la pili lina upana wa milimita 235, na ubavu wake ni asilimia 85 ya upana huo, yaani karibu 200. Mbavu mbili ni 400. Ongeza ringi ya milimita 406, unapata kimo cha takriban 806, karibu sawa kabisa na tairi la asili. Spidomita itaendelea kusema kweli na gia hazitalemewa. Jambo la kuepuka kabisa ni kuchanganya tairi la rediali na la nyuzi zilizopishana kwenye ekseli moja.

Ringi nyingi za zamani zilifungwa kwa ribiti, na upepo hupenya pale penye ribiti. Kwa hiyo tyubu inahitajika, hata tairi likiwa la kisasa, na ndani ya tairi pasibaki lebo wala ukingo mkali wa kuisugua.

Umri wa tairi nao hauonekani kwa meno. Pikapu kongwe hukaa sana bandani, na mpira huchakaa hata bila kutembea. Ubavuni, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2419 maana yake wiki ya 24 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu na nyufa ubavuni halifai kupewa mzigo, muuzaji aseme atakavyo.

Kwa 109 inayofanya kazi, chaguo bora ni 7.50R16 juu ya ringi za kiwandani, na yanunuliwe matairi matano yaliyo sawa, la spea likiwemo. Gari hili halina difu ya katikati. Magurudumu ya vimo tofauti, yakivuta yote manne kwenye barabara ngumu, hutesa giaboksi na ekseli zake.