Kigugumizi cha Mwanafunzi katika Riwaya: Maugham na Mitchell

Magazeti ya Kiswahili huandika kwamba kiongozi fulani "amepata kigugumizi" anaposita kutoa kauli. Katika sitiari hiyo, kigugumizi ni ishara ya woga au ya hatia. Mwanafunzi mwenye kigugumizi hasa hana nafasi humo, kwani yeye hasiti: jibu analijua, ila neno halitoki. Suala la kihakiki basi ni jinsi riwaya inavyoweza kusimulia ujuzi usiosikika.

W. Somerset Maugham alikuwa na kigugumizi. Hata hivyo, katika *Of Human Bondage* (1915), riwaya iliyochota mengi katika maisha yake, alimpa Philip Carey mguu uliopindika tangu kuzaliwa. Wavulana wenzake wanamlazimisha auonyeshe bwenini. Mandhari hayo yana nguvu, lakini nguvu yake ni ya macho: mguu huonekana, na aibu yake ina mashahidi. Kinachopotea ni mvutano baina ya mtu na lugha yake mwenyewe.

David Mitchell, ambaye naye ana kigugumizi, anaurejesha mvutano huo katika *Black Swan Green* (2006). Jason Taylor, mvulana wa miaka 13 katika Uingereza ya mwaka 1982, huikagua sentensi kabla ya kuitamka na kulikwepa neno linaloanza kwa n au s. Mvulana huyohuyo huandika mashairi kwa jina la kubuni. Mwandishi anadokeza kuwa hila ya mwenye kigugumizi na ufundi wa mshairi ni kazi moja: uteuzi wa maneno. Dokezo hilo lina hatari ya kugeuza taabu kuwa kipaji. Kinachoinusuru riwaya ni hofu ya Jason anapotakiwa kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, ambako hakuna neno la kuteua.

Kwa mwandishi wa Kiswahili, tatizo ni zito zaidi. Hila ya Jason hutegemea visawe, ilhali katika Kiswahili nafsi ya msemaji imo katika kiambishi cha kitenzi. Mwanafunzi anayekwama kwenye n na s akijua, hana budi kusema "ninajua", asipojua, "sijui". Abadilishe kitenzi apendavyo, *ni-* na *si-* zitamsubiri mlangoni. Riwaya itakayomsawiri kwa haki haina budi kuanzia hapo: katika sarufi, si katika sitiari.