Mistari ya Marumaru Katika Bunge la Dhaka

Wengi wanaotazama Bunge la Bangladesh huvutwa na matundu makubwa ya duara na pembetatu yaliyotobolewa ukutani. Mimi hutazama mistari. Kila baada ya futi 5, utepe mweupe wa marumaru hukatiza zege lile la kijivu, kuanzia chini hadi juu, na humo ndimo ulimo ufundi wenyewe.

Louis Kahn, msanifu wa Philadelphia, alipewa kazi hii mwaka 1962, Dhaka ikiwa bado chini ya Pakistani. Mazharul Islam, msanifu mwenyeji, ndiye aliyempendekeza. Kahn alitaka zege tupu, lisilopigwa plasta. Mitambo ilikuwa haba. Vibarua walilibeba zege kichwani, wakipanda majukwaa ya mianzi, na ukuta uliinuka kiasi cha futi 5 kwa awamu. Zege la leo likimwagwa juu ya la jana huacha mshono, na mshono wa mkono haunyooki. Njia rahisi ingekuwa kuuficha kwa ripu. Kahn aliutia marumaru, akauacha uonekane. Hivyo uwezo wa vibarua ukawa kipimo cha jengo zima. Sijaona uamuzi wa ujenzi uliowaheshimu wajenzi wake kuliko huu.

Matundu nayo yana kazi: ukuta wa nje hauna vioo, unakinga jua na mvua, na madirisha yamerudishwa nyuma yake. Ukumbi wa kutungia sheria umewekwa katikati, ukizungukwa na majengo 8 ya ofisi, milango na sala. Msikiti umepindishwa kidogo ili uelekee kibla.

Vita vya 1971 vya kujitenga na Pakistani vilisimamisha kazi. Kahn alifariki mwaka 1974, na kikao cha kwanza kikafanyika Februari 1982. Mwezi uliofuata mkuu wa jeshi, Jenerali Ershad, alitwaa madaraka na kusimamisha katiba. Ni mwaka 1991 tu ambapo wabunge, wakiwa ndani ya ukumbi huohuo, walirejesha serikali inayowajibika kwao. Hata hivyo kifungu cha 70 cha katiba ya 1972 kilimpokonya kiti mbunge aliyepiga kura kinyume na chama chake. Kahn aliweka mjadala katikati ya jengo. Kifungu hicho kiliyahamishia matokeo ya mjadala huo kwenye ofisi za vyama.