Mgeni Anawashwa, Wenyeji Hawawashwi: Kusaka Chanzo cha Vipele vya Mtoto Kando ya Ziwa Victoria

Chukua mfano wa mtoto wa miaka saba aliyeletwa Mwanza kwa likizo kutoka Dodoma. Mchana kutwa ameshinda majini na binamu zake katika mwalo wa Igombe, wakubwa wakifua, wadogo wakirushiana maji. Jioni anaanza kujikuna miguu. Kulipokucha vipele vyekundu vimemjaa kuanzia vifundoni hadi juu ya magoti, na binamu zake hawana hata kimoja. Bibi anasema si maji, maana wote wameoga maji yaleyale. Lawama zinahamia kwa sato wa jana, kwa sabuni mpya, kwa mdudu aliyempitia usiku.

Hoja ya bibi ina mantiki, na nyumba nyingi za kando ya ziwa zingefikia hapohapo. Lakini hoja hiyohiyo ndiyo inayofunga njia ya kulipata jibu. Kwa ugonjwa ninaoushuku hapa, mgeni kuwashwa na wenyeji kutulia si ushahidi dhidi ya maji. Ni ushahidi wa kuyashuku zaidi.

Ziwa Victoria lina konokono wadogo bapa wa jamii ya Biomphalaria. Konokono aliyeambukizwa kichocho cha tumbo hutoa majini viluwiluwi vinavyoitwa serkaria, mamia kwa maelfu kwa siku, hasa jua linapopamba moto, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kiluwiluwi kimoja hakifiki milimita moja, kina mkia wenye panda mwishoni, na uhai wake ni wa siku moja au mbili tu. Katika muda huo ni lazima kipate ngozi. Kikiipata hupenya kwa dakika chache na kuuacha mkia nje. Ngozi ya mgeni huwaka kwa uvamizi huo. Ngozi ya mtoto aliyeoga ziwani tangu akiwa mgongoni mwa mama yake mara nyingi hainyanyui hata kipele, kwa kuwa mwili umekwishazoea. Viluwiluwi vinaingia vilevile.

Wapo pia ndugu wa kichocho ambao makao yao ni ndege wa majini. Serkaria wao hujaribu kumwingia binadamu kwa makosa, hufia ndani ya ngozi, na mwasho wake huwa mkali zaidi kila mtu anaporudi majini. Fumbo la mwasho huu lilifumbuliwa mbali na kwetu. Kiangazi cha 1927, mtafiti William Walter Cort alikuwa akikusanya konokono katika Douglas Lake, jimbo la Michigan, Marekani, akaona kifundo cha mkono wake kinamwasha. Hakupaka dawa akasahau. Aliweka maji yenye serkaria juu ya ngozi akatazama vipele vikichomoza mahali hapo, na mwaka uliofuata akachapisha matokeo yake. Waogaji walikuwa wamejikuna miaka mingi wakilaumu majani ya majini.

Je, tabibu wa zahanati asiye na maabara ya Cort anafanyaje? Anatumia saa na ramani: saa ya mwasho kuanza, na ramani ya vipele mwilini. Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache nchini. Ndiyo maana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, mwaka 1992 kimejikita katika kuwafundisha matabibu wa kawaida kuisoma ngozi kwa macho na maswali.

Vipele vya ziwani vina saa yake. Mtoto huhisi kuchomachoma muda mfupi baada ya kutoka majini. Saa kadhaa baadaye madoa huwa vipele vilivyoinuka, mwasho hupanda kwa siku mbili tatu, kisha hutulia taratibu, na kwa kawaida wiki moja hivi inatosha. Ramani yake nayo ni wazi: vipele viko pale maji yalipogusa. Aliyesimama kwenye maji ya magoti anavyo miguuni, na ukitazama vizuri utaona mahali vinapokoma, karibu na alama ya usawa wa maji. Aliyekuwa anasuuza nguo anavyo hadi kwenye viwiko. Uso ni safi.

Sasa linganisha na upele, ugonjwa unaostahili kushukiwa kwanza mtoto anapojikuna usiku kucha. Mdudu wa upele hupenda katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, makalioni na sehemu za siri. Kwa mtoto mchanga hushuka hadi nyayoni na kupanda kichwani. Mwasho wake haupungui kwa wiki, na mtu wa pili ndani ya nyumba huanza kujikuna. Kuna kipimo rahisi ambacho nakipenda sana kwa kuwa hakihitaji umeme. Tabibu anapaka wino wa kalamu juu ya kijistari anachokitilia shaka katikati ya vidole, anasubiri kidogo, kisha anafuta kwa pamba yenye spiriti. Wino wa juu ya ngozi unaondoka wote. Kama mdudu amechimba handaki, wino uliozama humo unabaki, na mstari mwembamba uliopindapinda unaonekana, urefu wake milimita chache tu. Mtoto mwenye mstari huo anatibiwa upele, na nyumba nzima inatibiwa naye siku hiyohiyo.

Mengine hutengana haraka. Harara ya joto hukaa shingoni, kifuani na mgongoni. Choa hujichora duara lenye ukingo ulioinuka na kati pameanza kupona. Yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayejulikana kama nairobi flai, akisagwa juu ya ngozi, huacha mstari wa malengelenge unaochoma kuliko kuwasha. Homa, kikohozi na macho mekundu pamoja na vipele vinavyoanzia usoni ni dalili za surua, na hapo mtoto hasubiri kesho. Vilevile kwa madoa ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza, au vidonda vya mdomoni na machoni vilivyotokea baada ya kumeza dawa.

Kinachoharibu kazi yote hii ni tyubu ya dawa ya mchanganyiko inayonunuliwa dukani kabla mtu yeyote hajatazama: steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki ndani ya krimu moja. Steroidi hutuliza wekundu wa kila kitu. Duara la choa linapoteza ukingo wake huku fangasi wakiendelea kusambaa. Mwasho wa upele unapungua huku wadudu wakizaliana. Na kwa vipele vya ziwani nafuu inakuja kweli, lakini ramani imefutika, na hakuna atakayejua mtoto alivamiwa na nini. Kitambaa cha maji baridi na dawa ya mzio kwa kipimo cha mtoto vinatosha hadi aonwe.

Hata pale vipele vinapofanana kabisa na vya kuumwa na wadudu, swali halijaisha. Watafiti nchini Uganda walichukua vipande vya ngozi kutoka kwa watu 102 wenye VVU waliokuwa na vipele sugu vya kuwasha, ambavyo chanzo chake kilikuwa fumbo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba vipande 86 vilikuwa na sura ya ngozi iliyoumwa na wadudu. Kinga iliyovurugika ndiyo ilikuwa ikijibu kuumwa kwa ukali uliopitiliza. Kwa hiyo mtoto ambaye kila kuumwa na mbu kunageuka vipele sugu visivyokwisha apimwe VVU, bila aibu na bila kusubiri.

Tumrudie mgeni wetu. Saa na ramani vimeelekeza ziwani, lakini vipele peke yake havisemi kama ni kichocho cha binadamu au cha ndege. Hapa swali la mahali linapata uzito. Utafiti wa kichocho una historia ndefu Mwanza, tangu enzi ya ukoloni hadi Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ya leo, na moja ya mambo uliyoyabainisha ni kwamba mwambao wa ziwa ni himaya ya kichocho cha tumbo, wakati kichocho cha kibofu kinatawala bara, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, kupitia konokono wa jamii ya Bulinus. Aliyeoga Igombe anachunguzwa choo. Aliyeoga lambo la Kwimba anachunguzwa mkojo. Aliyeoga kote achunguzwe vyote.

Na si leo. Viluwiluwi vilivyoingia hukua kuwa minyoo, nayo huhitaji wiki kadhaa kukomaa ndiyo itage mayai yanayotafutwa katika kipimo, hivyo choo cha siku ya vipele kitatoka safi hata kama mtoto ameambukizwa. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, nayo haiui vizuri minyoo michanga; ukiitoa leo umetibu hofu ya mzazi. Binamu zake wasiowashwa hawana sababu ya kungoja, kwa kuwa wao huenda wana minyoo iliyokomaa tayari.

Mtoto atakuwa amerudi Dodoma. Wiki nne au sita baadaye anaweza kupata homa, kikohozi na vipele vya mzio mwili mzima, na tabibu wa huko atapima malaria, asione kitu, apime tena. Kwa sababu hiyo kadi yake iandikwe tarehe na mahali alipooga, si tarehe ya vipele tu. Kuanzia wiki ya nane hivi apimwe choo kwa njia ya Kato-Katz, ambayo husoma miligramu 41.7 tu za choo chini ya hadubini. Kiasi hicho ni kidogo, na mtoto aliyeoga siku chache anaweza kuwa na minyoo michache isiyotaga kila siku kwa wingi, kwa hiyo jibu la kwanza likiwa safi, sampuli ya pili ichukuliwe siku nyingine kabla ya kuifunga kadi.